Hakuna Aliyekufa Makutano ya Hekima

Siku ambayo Mashavu hakurudi ilikuwa Jumanne. Aliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mikate mia tatu na sitini, akiwa ameniachia chai kwenye chupa na maagizo mawili: nianue kanga zake zikikauka, na nisiipige msasa ile meza ya mteja mpaka arudi na kuingia chumbani kulala, kwa sababu akilikuta vumbi lake hewani humkohoza. Kanga nilianua. Meza haijapigwa msasa mpaka leo.

Nayaandika haya ili nisisahau yalivyokwenda, maana katika nchi yetu mambo husahaulika kwa utaratibu, na kuna idara yake.

Mashavu alikuwa mke wangu. Mimi ni seremala, yeye alikuwa dereva wa gari la mikate kwa miaka kumi na tisa, na wenye maduka walimwita Mama Mkate. Mimi nilimwita Mama Subira, kwa jina la binti yetu, naye aliniita Baba Subira hata tukiwa tumenuniana. Katika miaka yote hiyo aliwahi kugonga kitu kimoja tu, ndoo, na wote walioshuhudia walikubali kwamba kosa lilikuwa la ndoo.

Zamani, mahali ambapo barabara zetu nne kubwa hukutana palikuwa na kipilefti, na katikati yake bata wa saruji. Mjenzi alikusudia tai, alama ya taifa, lakini saruji iliisha kwenye mabawa. Hakuna aliyelalamika. Ukifika, unamzunguka bata, unashika njia yako. Hata wageni waliotoka mbali waliambiwa neno moja tu, mzunguke bata, wakafika walikokwenda.

Kisha Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kibwana Tunutu, Waziri wa Barabara na Mwelekeo, akaenda ziara ya mafunzo ng'ambo kwa siku kumi na moja. Huko aliona, kutoka dirisha la hoteli yake, makutano ya barabara yaliyojengwa kwa namna ya ajabu: magari yanavuka kwenda upande usio wao, yanakwenda huko kidogo, kisha yanarudi upande wao bila kugusana. Mheshimiwa alipiga picha. Alirudi nayo, akawakabidhi wahandisi, akasema wajenge hivyo hivyo.

Ilikuwa picha nzuri sana, ya rangi. Ila picha, kama zilivyo picha zote, haikuonesha magari yalikuwa yanakwenda upande gani. Wahandisi waliomba kumuuliza Mheshimiwa. Wakajibiwa kwamba Mheshimiwa ametoa maono na kwamba mishale ni kazi ya watendaji.

Bata akavunjwa.

*

Siku ya ufunguzi nilikuwepo, kwa sababu shule, masoko na karakana zote zilifungwa ili tuwepo kwa hiari. Mheshimiwa alivaa kofia ya ujenzi yenye jina lake na akazungumza kwa saa mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka sitini tumeendesha kushoto. Ni nani aliyetuambia kwamba kushoto ndiyo mwisho wa fikra? Kuanzia leo, dereva wa nchi hii ataingia kushoto, atahamia kulia, kisha atarudi kushoto akiwa mtu mpya. Wataalamu wamehesabu mahali ambapo magari yanaweza kugongana katika makutano haya, wakapata sifuri. Hapa ajali haiwezekani. Atakayeipata, ajue ameipata kwingine."

Tulipiga makofi. Lile neno la mwisho tulidhani ni mbwembwe za jukwaani. Lilikuwa kifungu cha sheria, kama nilivyokuja kujua.

Makutano yakaitwa ya Hekima. Taa za kuongoza magari zilikuwepo, mpya, lakini zilikuwa zimevalishwa viroba vya sukari, kwa kuwa zilipangiwa uzinduzi wao wenyewe na haikuwa adabu ziwake kabla ya kuzinduliwa. Mishale ya barabarani ilichorwa kwa chokaa ile ya uwanja wa mpira. Mvua ilinyesha Ijumaa. Kikabaki kibao cha maelekezo, ambacho nakisifu, kwa kuwa hakikuacha kitu: kilikuwa na maneno mia nne na kumi na saba, kwa herufi za ukubwa wa punje ya mtama, na chini yake kibao kingine kilichosema ni marufuku kusimama eneo hili.

Madereva walijaribu kuwa watu wapya. Baadhi waliendelea kumzunguka bata ingawa hayupo. Wengine walipita kinyumenyume, wakieleza kwamba kama kulia kumekuwa kushoto basi na nyuma kumekuwa mbele. Wenye malori walishuka mtaroni, wakapita nyuma ya machinjio, wakapandia upande wa pili na matope mpaka kwenye vioo. Mfaume, jirani yetu mwenye lori la mchanga, alimwambia Mashavu kibarazani kwamba yeye amepata dawa. Hufumba jicho moja na kuacha wazi lile la upande anaokwenda. Mashavu alimuuliza, na wale wanaokuja je? Mfaume akasema hao nao wana macho yao.

Mashavu hakupenda utani katika mambo ya barabara. Jumapili alichukua daftari, tukaenda kwa miguu hadi kwenye kile kibao. Alisimama hapo karibu saa nzima akinakili, mimi nikimshikia mwavuli, na trafiki mmoja akatufukuza mara mbili kwa kosa la kusimama. Alimaliza maneno yote. Nyumbani alichora mishale mezani kwa chaki yangu, akalipitisha boksi la kiberiti kushoto, kulia, kushoto, mpaka akaridhika.

Nilimwambia afadhali apite mtaroni kama wenzake.

"Baba Subira," alisema, "mimi na leseni yangu nipite mtaroni kama mbuzi? Wameandika, nimesoma. Nitapita walivyoandika."

Jumanne alipita walivyoandika. Alihamia kulia pale panaposemwa. Kutoka mbele likaja lori la Wizara ya Barabara na Mwelekeo, limebeba viti mia mbili vya uzinduzi wa taa, viti vyenye magauni meupe na riboni mgongoni. Dereva wake hakuwa amesoma kibao. Alishika kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake.

Katika nchi nzima, mtu aliyekuwa amesoma maneno yote mia nne na kumi na saba alikuwa mmoja, na ndiye aliyekufa.

Uzinduzi ulichelewa dakika arobaini. Viti viliokotwa, vikapanguswa. Mfaume, aliyekuwa magari matatu nyuma, aliokota mikate iliyokuwa bado mizima ndani ya mifuko yake akaisambaza madukani, kwa sababu, alisema, Mama Mkate hajawahi kuchelewesha. Kisha akaja karakana kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, nami nikaweka randa chini.

*

Katika nchi yetu huwezi kuzika bila kibali, na kibali hakitoki bila Fomu ya Mahali. Nilikwenda Ofisi ya Takwimu za Barabara siku ya pili. Karani aliitwa Bi Thekla, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na kwa haki kabisa nasema hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza marehemu amefia wapi. Nikamwambia. Alipitisha kidole kwenye orodha ndefu, akarudi juu, akashuka tena.

"Hapo hapapo," alisema.

Nilimwambia pako, nimepita hapo nikija.

"Pa kupita papo, baba. Pa kufia hapapo. Hapo ajali haiwezekani." Akanigeuzia orodha. "Lakini kuna Daraja la Kisu, kuna Mlima Punda, kuna kona ya Machinjioni. Zote zina nafasi. Chagua moja."

"Hakufia huko."

"Kwani ukichagua, atakasirika?"

Nilimrudishia orodha yake. Bi Thekla alitazama mlangoni, akainama, akashusha sauti. Alinishauri niandike presha. Presha, nyumbani, kitandani, na kesho nazika. Alisema watu wote wa wiki hii wameandika presha. Nilimuuliza wote ni wangapi. Akaanza kunyoosha karatasi zake ambazo zilikuwa zimenyooka.

"Mke wangu hakuwa na presha," nilisema.

"Sasa atakuwa nayo," alisema, kwa upole.

Mimi si jasiri. Nimewahi kutengenezea ofisi ya kata kabati wakalikana mbele yangu, nikanyamaza. Lakini nililitazama lile neno, kitandani, na nikaona kwamba nikiliandika, Mashavu atakuwa hakwenda kazini siku ile. Atakuwa hakunakili kibao wala hakuchora kwa chaki. Atakuwa amelala tu, kama mtu asiyejua wenye maduka wanamngoja. Nikairudisha kalamu aliyonipa.

Barua ya Wizara ilinifikia siku ya tatu, imepigwa mihuri miwili. Ilisema kuwa, kwa kuwa mhusika aliingia Makutano ya Hekima na hakuna kumbukumbu rasmi ya kutoka, anahesabiwa kuwa bado yuko barabarani. Ilinitakia subira.

*

Madereva wa mji wetu wana desturi. Mwenzao akifa, hufunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni na kuwasha taa mchana kwa siku saba. Ni kitambaa kile kile ambacho hufungwa na magari ya msafara wa mazishi, na msafara wa mazishi, katika nchi hii ambamo watu hunyimana njia mpaka kwenye ngazi za msikiti na kanisa, hupishwa na kila mtu. Hata gari la waziri hupisha. Wanasema ukiukata msafara wa maiti, unakaribisha msiba kwako.

Basi Mfaume alifunga kitambaa kwa ajili ya Mashavu. Wenye magari ya maziwa wakafunga, wenye mkaa wakafunga, na wale vijana wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, wakafunga wote. Siku ya pili wakagundua jambo. Ukifika Makutano ya Hekima na kitambaa chekundu na taa zimewaka, magari ya pande zote nne yanasimama. Unahamia kulia, unarudi kushoto, au unakwenda moja kwa moja huku ukitazama angani, ni hiari yako. Unavuka mzima.

Hivyo ndivyo taifa lilivyojifunza kuvuka. Si kwa kibao wala kwa taa. Lilijifunza kwa msiba wa mtu ambaye hakufa.

Kufikia Jumatatu, kitambaa chekundu kilikuwa hakipatikani sokoni. Watu walikata mapazia, mito, bendera za vilabu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alivuka kwa skafu. Wasio na kitambaa walingoja pembeni, na ikipita misafara wakajiunga mkiani, nyuso zimekunjamana kwa heshima, mpaka ng'ambo, kisha kila mmoja akashika njia yake. Bibi harusi mmoja alivuka hivyo na gauni lake, akilia vizuri sana, nasikia kwa kuzoea tu.

Mheshimiwa alitoa tamko la kwanza akipongeza mapenzi ya wananchi kwa marehemu wao. La pili lilikuwa na ubaridi. Mtu fulani Wizarani alikuwa amehesabu misafara elfu moja mia moja na arobaini kwa siku moja, kwenye makutano yenye vifo sifuri, na hata Mheshimiwa aliona kwamba watu wa nje wakiziona namba hizo kwa pamoja wanaweza kuelewa vibaya. Likaja tamko la tatu. Kizuizi kikawekwa, kibanda kikajengwa, kikaandikwa Kituo cha Kuhakiki Huzuni. Kuanzia hapo, kila msafara ulitakiwa kuonesha jeneza, kibali cha kifo, na simanzi ya kiwango.

Madereva hawakukata tamaa. Walifunga majeneza juu ya magari yao, na vibali wakavichukua kwa Bi Thekla kwa majina ya babu zao, presha, nyumbani, kitandani. Ndani ya majeneza walitia kuku, misumari, vitunguu, kwa kuwa dereva hapendi kwenda na chombo kitupu. Mafundi wenzangu wote walipata kazi. Mimi pia niliombwa, tena kwa heshima. Nilitengeneza jeneza moja tu, la mninga, lenye urefu wa mke wangu.

*

Siku ya kumi na tisa hospitali iliniita. Msimamizi wa chumba cha maiti alinieleza, akiwa na aibu, kwamba wakaguzi wamepita na kuona kitanda cha maiti kimekaliwa na mtu asiyehesabika kuwa maiti. Ni kinyume cha kanuni. Alinipa karatasi ya kuruhusiwa. Iliandikwa: mgonjwa ameondoka, hali yake haijabadilika.

Mfaume alifagia lori lake, akaliosha kwa sabuni ya unga mara mbili, lakini mchanga haukuisha kwenye nyufa. Tulimpakia Mashavu, mimi na Subira tukakaa naye nyuma. Makaburi yako ng'ambo ya makutano, na huko ndiko alikolala mama yake Mashavu. Hakuna njia nyingine. Hata ule mtaro wa machinjio ulikuwa umeshazibwa kwa zege na kuzinduliwa.

Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na kirikuu chenye jeneza. Afisa mhakiki aliinua kifuniko kidogo, harufu ya vitunguu ikamwingia machoni, machozi yakamtoka. Aligonga muhuri: huzuni imethibitika. Kirikuu kikapita.

Akaja kwetu. Alikuwa mwanamume mnene, aliyechoka, mwenye wino wa muhuri mpaka kwenye kola ya shati. Alifunua, akatazama, akafunika haraka. Aliomba kibali. Nilimpa nilichokuwa nacho, barua ya Wizara yenye mihuri miwili. Aliisoma akisogeza midomo.

"Huyu yuko barabarani," alisema.

Nilimwambia ndiyo, yuko barabarani, na yeye afisa ndiye aliyemzuia.

Alisema hilo ni jeneza lenye mtu ambaye si maiti, na kwamba huo ni udanganyifu. Tusogee pembeni. Subira aliinamisha uso kwenye goti langu. Mfaume hakusogea pembeni. Alizima injini pale pale katikati, mahali ambapo kulia huwa kushoto, akashuka na funguo mkononi.

"Afande," alisema, "ulikuwa unanunua mkate wapi?"

Afisa alimtazama, Mfaume akajijibu.

"Dukani kwa Mzee Chongwe, nyuma ya kituo chenu. Saa moja kamili, wa moto. Nani alikuwa anauleta?"

Afisa aliangalia tena ile barua, mahali palipokuwa na jina. Akaikunja. Mtu wa gari la nyuma alitoa kichwa akauliza kuna nini, akaambiwa ni Mama Mkate, wanasema hajafa. Akazima injini. Habari ikaenda dirisha kwa dirisha mpaka mwisho wa foleni, na nyuma yake tukasikia injini zikizimika moja moja, mpaka pakawa kimya ambacho mahali pale hapajawahi kukisikia tangu bata aondoke. Yule wa vitunguu aliyekwisha vuka akarudi kwa miguu. Wengine waliovuka asubuhi nao wakarudi. Walisimama kulizunguka lori, na mwenye vitunguu akanyoosha karatasi yake kimyakimya, yenye muhuri. Wa pili akanyoosha yake. Zikawa nyingi.

Afisa aliingia kibandani akapiga simu kwa wakubwa zake. Tulimsikia akieleza. Kanuni inasema msafara wa waombolezaji waliothibitishwa usizuiwe kwa namna yoyote. Waombolezaji hawa wote amewathibitisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tangu asubuhi. Sasa wamemzunguka mtu ambaye hajafa. Afanyeje? Huko juu walinong'onezana muda mrefu, kisha simu ikakatika, ambayo katika nchi yetu ndiyo namna ya kawaida ya kutoa uamuzi.

Alitoka, akaandika kwenye daftari lake: waombolezaji wamethibitika, marehemu hafahamiki. Akainua kizuizi. Wakati lori linapita alivua kofia, lakini aliivua kama mtu anayejikuna kichwa, ili isiwe kosa.

Tulivuka. Nyuma yetu walikuja wote, kwa kuwa walitaka, na pia kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kuvuka. Makaburini walishusha makoleo ya mchanga kutoka malori yao. Jogoo aliwika ndani ya jeneza la mtu mmoja wakati wa dua, na mwenyewe akalifunika kwa koti lake. Tulimzika Mashavu kando ya mama yake, bila kibali. Kichwani nilisimamisha ubao wa mninga nilioubakiza, na juu yake nimechonga jina lake, siku, na mahali: Makutano ya Hekima, akiwa kazini. Wizara ya Barabara na Mwelekeo haijaung'oa. Makaburi yako chini ya wizara nyingine.

*

Mheshimiwa alipata tuzo. Nchi tatu zimetuma watu kuja kujifunza, na wao pia walipiga picha kutoka dirisha la hoteli. Taa zilizinduliwa kwenye vile viti, lakini viroba havikuvuliwa, kwa kuwa mgeni rasmi alikata utepe wa chini tu na ngazi haikuwepo.

Mwezi uliopita ilikuja bahasha kwa jina la Mashavu. Ndani ilikuwamo leseni mpya, imehuishwa bila kuombwa, kwa miaka mitano, na barua ya kumshukuru kama dereva aliyekaa barabarani muda mrefu kuliko wote bila kuripotiwa ajali. Picha waliyotumia ni ile ya zamani, ya kilemba cha kijani. Nimeiweka kwenye daftari lake, pale alipoishia kunakili.

Mkate sasa unafika mtaani kwetu saa nne, kwa sababu dereva mpya hungoja kwanza yapite mazishi.